Kila Kiwavi na Jani Lake

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Kijiji kizima kilimwita Mama Pupa, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani ni mama mlafi, mtu wa kula kwa pupa, wa kupeleka mkono sahanini wenzake wakiwa bado wananawa. Mwenyewe lilimchekesha. Alimwacha mgeni amtazame vizuri, mwembamba kama mpini wa jembe, ndipo amweleze kwamba pupa yake ni nyingine kabisa: ni kile kifuko kigumu ambamo kiwavi hujifungia siku za kugeuka kipepeo. Maana kazi yake, ukiacha jembe, ilikuwa kufuga vipepeo.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Mbele palikuwa na shamba la mahindi na maharage, ubavuni mihogo, na nyuma, pale ambapo wengine wangejenga zizi, palisimama banda la wavu lenye urefu wa hatua kumi na mbili. Ndani ya banda hilo ilijaa miche ya miti isiyozaa tunda la kuliwa wala kutoa kuni za maana. Mama mkwe wake, siku za mwanzo, aliwaambia wageni kwamba mwanawe ameoa mwanamke mwenye kupanda majani ili avune matundu.

Cha ajabu ni kwamba utotoni Mama Pupa aliogopa viwavi kuliko nyoka. Nyoka, alisema, angalau ana haya, akikuona anakimbia. Alipokuja mtaalamu wa wadudu kutoka mjini, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, wanawake thelathini walikusanyika darasani kumsikiliza. Mtaalamu akafungua chupa, akatoa kiwavi mnene wa kijani, akamweka kiganjani. Wanawake ishirini walitoka nje kwa mlango mmoja. Mama Pupa hakutoka, lakini si kwa ushujaa: alikuwa amekaa pembeni kabisa, ukutani, na njia ilikuwa imezibwa na wenzake. Mtaalamu alipofika kwake alimwekea kiwavi mkononi bila kumuuliza. Akafumba macho. Kisha yule mdudu akaanza kutembea, mwepesi, wa baridi, laini kama kidole cha mtoto mchanga, na alipofumbua macho woga ulikuwa umekwenda zake na haukurudi tena.

Somo la kwanza alilopewa siku hiyo ndilo alilolishika maisha yake yote. Kila kiwavi na jani lake, mtaalamu aliwaambia. Huyu akikosa jani lake hali lingine. Atazunguka, atalinusa, atalikataa, atakufa na njaa juu ya majani tele. Kwa hiyo anayetaka vipepeo lazima kwanza awe na miti.

Ndivyo alivyoanza. Aliingia msituni na wavu wa mpini mrefu, akakamata majike, akawaachia bandani penye mche waupendao. Majike walitaga mayai madogo kuliko mbegu ya mchicha. Mayai yakaangua viwavi, viwavi wakala, na walivyokula ndivyo na yeye alivyochoka miguu kwa kwenda kuwatafutia majani kila alfajiri. Wakishanenepa walijining'iniza na kugeuka pupa. Hapo alizichuma moja moja, akazilaza kwenye pamba ndani ya kisanduku, na kisanduku kikapelekwa mjini, kutoka mjini kikapanda ndege kwenda ng'ambo, ambako kuna watu waliojenga nyumba za vioo na kuzijaza maua, na watu wengine hulipa kiingilio waingie kutazama vipepeo. Majirani hawakuliamini hili kwa miaka miwili mizima. Ila pupa haina subira. Ikifika siku yake, iwe njiani au wapi, hupasuka. Kazi yote ilikuwa ni mbio za siku saba au nane.

Mumewe alikuwa mpasuaji mbao. Waliomwita Msumeno hawakukosea, maana kwa miaka kumi na minne aliangusha miti ya msitu ule bila kibali cha mtu, yeye akisimama juu ya gogo na mwenzake akisimama chini ndani ya shimo, msumeno mrefu ukipanda na kushuka kati yao. Yule mwenzake wa chini ndiye aliyeitwa Shimoni. Shimoni alimeza unga mwingi wa mbao kuliko unga wa chakula, na alikuwa na mazoea ya kukupepesea macho akizungumza, kana kwamba vumbi bado linamwagika.

Mama Pupa hakugombana na mumewe juu ya kazi ile. Siku moja alimchukua hadi chini ya mti mmoja mnene ambao Msumeno alikuwa ameshautia alama ya shoka, akamwonyesha vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya buluu wakitaga kwenye machipukizi yake.

"Huu ukiuangusha utauuza mara moja," alimwambia. "Mimi nauuza kila wiki, na bado umesimama."

  Baada ya wiki moja Msumeno aliutundika msumeno wake ghalani, akaanza kusaidia kubeba majani. Baada ya mwaka, kikundi cha wafugaji wa vipepeo, watu ishirini na wawili, wengi wao wanawake, kilikubaliana na ofisi ya misitu: wapewe ukanda wa msitu unaopakana na mashamba, wakamate majike na kuchuma majani humo, na wao kwa upande wao waulinde, wautembee mara mbili kwa wiki. Mama Pupa hakukosa zamu. Shimoni alibaki na shimo lisilo na mtu wa juu. Akafyeka mlima wa ng'ambo ya mto akalima mahindi, na aliponung'unika kwamba wanawake wamefunga msitu kwa ajili ya wadudu, watu walimcheka, naye hakusahau.

Ndipo ugonjwa ukaja. Ulianza redioni, kama mambo mengi yanavyoanza, ukiwa mbali, kwenye nchi za watu. Baadaye shule zikafungwa, misikiti na makanisa yakafungwa, watu wakaanza kushonewa barakoa na fundi cherehani wa sokoni. Asubuhi moja Mama Pupa alikuwa ameshafunga visanduku sita, amevipanga kando ya barabara akisubiri gari, simu ikalia. Alikuwa mtu wa ofisi ya mjini inayosafirisha pupa. Ndege zimesimama, alimwambia. Zote. Hajui hadi lini.

"Na hizi nilizonazo?"

"Rudi nazo nyumbani, mama. Sina la kukwambia."

Alirudi nazo, visanduku vitatu kichwani, vitatu mikononi mwa mumewe.

Siku ile ile jioni bintiye wa kwanza alifika kutoka mjini na begi moja. Hoteli aliyokuwa akifanyia kazi ya usafi ilikuwa imefungwa. Kwa kuwa alitoka penye ugonjwa, ilibidi akae peke yake siku kumi na nne, na chumba kilichokuwepo kilikuwa ghala, lenye dirisha moja la mbao linalotazama uani. Chakula alisogeziwa dirishani. Alikula kidogo. Mama yake alimsikia akilia kwa sauti ya chini, si kwa ajili ya maradhi, bali kwa ajili ya kazi, maana alikuwa ameipata kwa taabu.

Siku ya nne pupa zilianza kupasuka. Mama Pupa angeweza kuzimwaga msituni na kusahau. Badala yake alitoa meza uani, akaiweka chini ya lile dirisha la ghala, akavifungua visanduku vyote na kuvipanga juu yake. Binti aliegemea kizingiti akaangalia. Kwanza mmoja alitoka akiwa amekunjamana kama kitambaa kilicholoa, akapanda ukingo wa kisanduku, akatulia, mabawa yakaanza kujaa na kunyooka. Kisha wa pili. Kisha wengi kwa pamoja, weusi, wa manjano, wa rangi ya kutu, wakikausha mabawa kwenye meza, kwenye kamba ya nguo, kwenye nywele za Mama Pupa. Iliendelea hivyo siku tatu. Binti aliyekulia ndani ya kazi hii na kuikimbia alisema kwamba hajawahi kukaa chini akaitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Na mimi vilevile," mama yake alimjibu. "Siku zote nilikuwa nawahi gari."

Vipepeo wakapaa. Walipita juu ya mashamba kuelekea msituni, mamia yao, na watu waliokuwa wakipalilia waliinua vichwa. Wengine walisema ni heri. Hakuna aliyejua kwamba macho yale yale yangekuja kutoa ushahidi.

Miezi ya mbele ilikuwa ya kubana. Wanakikundi waliacha mabanda yao mmoja baada ya mwingine, na huwezi kumlaumu mtu kwa kuacha kulisha mdudu wakati watoto wamerudi wote nyumbani na sufuria ni ile ile. Wachache walikata miche wakafanya kuni. Waliofukuzwa kazi mjini walirudi wakitaka pa kulima, na moshi wa mkaa ukaanza kuonekana upande wa pili wa msitu. Mama Pupa alibaki na viwavi wachache wa kutunza mbegu, kama mtu anavyobakiza makaa chini ya majivu. Aliendelea kuutembea ule ukanda. Kwanza alitembea na wenzake kumi, wakawa sita, kuna wiki walikuwa yeye na Msumeno tu, kila mmoja na fimbo na barakoa, kama wezi wawili waliopotea njia.

Mahindi yalipofika magotini, majani yakaanza kutoboka.

Mwanzoni yalikuwa madirisha madogo meupe, kisha matundu, kisha majani yakachanika kama nguo iliyonaswa na mwiba. Katikati ya kila mche, kwenye kile kikombe cha majani machanga, palikuwa na viwavi wa rangi ya kahawia waliojificha mchana. Waliokuwa na redio walilijua jina: viwavijeshi. Duka la pembejeo halikuwa na dawa, kwa sababu malori yalikuwa yamekwama mpakani. Bwana shamba alikuwa mjini na hakuruhusiwa kusafiri.

Mama Pupa aligundua kuna jambo siku alipokwenda bombani kuchota maji na wanawake wakasogea pembeni. Alidhani wanamwogopa kwa ajili ya bintiye, akaanza kuwaeleza kwamba siku kumi na nne zimepita zamani na hakuna aliyekohoa. Waliinamisha vichwa. Mwisho mmoja, rafiki yake wa tangu ujana, alimwambia kwamba si ugonjwa. Ni viwavi. Shimoni alikuwa amewaambia watu: mliwaona wenyewe wale vipepeo wakiachiwa, mamia, wakipita juu ya mashamba yenu, na kipepeo anataga nini kama si mayai, na mayai yanatoa nini kama si viwavi? Kikulacho ki nguoni mwako.

Ubaya wa maneno ya Shimoni ni kwamba yalikuwa na mantiki. Mtu asiyejua wadudu angeyakataaje?

Wiki hiyo hiyo alipigiwa simu kuelezwa kwamba yule mtaalamu wa wadudu, mwalimu wake, amefariki kwa ule ugonjwa. Alikuwa ameshazikwa, na watu wachache tu walihudhuria. Mama Pupa aliingia bandani akaketi chini kati ya miche. Msumeno alimletea maji, akaketi naye.  Kiwavi mmoja alikuwa akila jani juu ya bega la Mama Pupa, na ukikaa kimya vya kutosha unaweza kumsikia akitafuna.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Kwa sababu ya amri ya kutokaribiana, madawati yalitolewa nje yakapangwa mbalimbali, mtu mmoja dawati moja, na wazee wenye mvi walikaa na magoti yamegusa kidevu kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Shimoni alisimama wa kwanza. Alitaka banda lichomwe, miche ing'olewe, na ule ukanda ufunguliwe, maana kama hakuna ndege hakuna vipepeo, na kama hakuna vipepeo mapatano yamekufa. Aliongea vizuri. Watu waliitikia kwa vichwa.

Mwenyekiti akamwangalia Msumeno, kwa kuwa wote walijua wale wawili walishirikiana msumeno mmoja miaka mingi. Msumeno hakuwa msemaji. Alisimama, akavuta barakoa chini ya kidevu, akakumbuka, akairudisha.

"Unga wa mbao naujua," alisema. "Wale wadudu wanaacha unga kama ule ndani ya mahindi. Na kwenye mahindi yangu upo. Kama mke wangu ndiye aliyewaleta, basi ameanza na sahani yangu."

Akaketi. Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mbele ya watu.

Mama Pupa aliposimama, jambo la kwanza alilolisema liliwashangaza hata waliokuwa upande wake. Alikiri. Miongoni mwa viwavi wake, alisema, yupo wa aina moja anayekula majani ya michungwa, na alipowaachia wale vipepeo hakumkumbuka. Michungwa michanga ya mwenyekiti iliyoliwa mwezi uliopita ililiwa na huyo. Alikwenda kuiangalia juzi bila kupiga hodi, akaokota viwavi tisa, na miche mingine ya kufidia ameshaipanda kwenye kitalu. Hilo ni lake. Lakini haya ya mahindi si yake. Mama wa kiwavi huyu si kipepeo, ni nondo wa kahawia anayeruka kiza kikiingia, amekuja na upepo kutoka mbali, na hakuna aliyemwona kwa sababu hapendezi.

Uwanja ulichangamka, kila mtu akizungumza na dawati lililo jirani. Shimoni alisema maneno matamu hayaponyi mahindi. Hapo Mama Pupa akaomba chupa nne za kioo zenye vifuniko vya kutobolewa. Ziwekwe barazani kwa mwenyekiti, watu wapite wakaangalie. Ya kwanza, viwavi wake na majani ya mahindi. Ya pili, viwavi wake na majani yao ya msituni. Ya tatu, viwavijeshi na mahindi. Ya nne, viwavijeshi na yale majani ya msituni.

"Na isiwe mimi wa kuwachagua," alisema. "Achague shemeji yangu Shimoni. Viwavi achague yeye, majani achume yeye, vifuniko afunge yeye. Nisije nikaambiwa nimewafundisha."

Watu walicheka, na kicheko kile kilimnyima Shimoni njia ya kukataa.

Kwa siku tatu baraza la mwenyekiti halikukosa watu. Walipanga foleni kwa hatua mbili mbili, wakainama mbele ya chupa, wakaenda zao wakibishana. Chupa ya pili na ya tatu hazikuwa na habari: waliokuwemo walikula hadi majani yakabaki mishipa. Katika ile ya nne, viwavijeshi walionja kingo za jani la msituni, wakaliacha, na asubuhi ya pili kati ya wanne waliotiwa walikuwa wamebaki wawili, wanene, hakuna maiti wala pa kutorokea. Mke wa mwenyekiti alipofahamu kwamba wamekula wenzao alikataa kuipangusa tena meza ile.

Lakini chupa iliyozungumza ni ya kwanza. Viwavi sita wa Mama Pupa walizunguka juu ya majani mabichi ya mahindi siku ya kwanza, wakazunguka siku ya pili polepole, na hakuna tundu hata moja lililoonekana. Siku ya tatu wawili walikuwa wamelala ubavu. Yeye alijua tangu mwanzo kwamba anawatoa kafara. Asubuhi hiyo alikuja mapema, akasimama mbele ya chupa, akamwomba mwenyekiti kama ushahidi umetosha, wale wanne waliosalia apewe awarudishe kwenye mti wao. Mwenyekiti alimwita Shimoni. Shimoni aliinama, akapepesa macho, akageuza chupa huku na huku akiyachunguza majani upande wa chini.

"Hawajala," alisema.

Neno hilo moja lilitosha. Lilifika bombani kabla yake.

Sasa watu wakamgeukia wakiwa na swali jingine. Kama wewe unawajua wadudu kiasi hiki, tufanye nini? Naye, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akiwanenepesha viwavi, ikabidi akae afikiri namna ya kuwaua. Alifikiri kinyumenyume. Nini kilichokuwa kikimharibia kazi yeye? Sisimizi, ambao alizungushia majivu miguu ya meza zake kuwazuia. Mvua kubwa iliyozamisha viwavi wachanga. Na zaidi ya vyote, nyigu wadogo mithili ya mbu, wanaotaga mayai yao ndani ya yai au mwili wa kiwavi, hata siku ya kutoka kipepeo wanatoka nyigu. Aliwachukia nyigu hao miaka kumi na mmoja. Lile banda la wavu alilijenga ili kuwazuia hao.

Alianza kuwatembeza watu mashambani, watano watano, umande ukiwa bado haujakauka. Aliwafundisha kugeuza jani na kutafuta yale mayai yaliyofunikwa manyoya ya kijivu kama ukungu wa mkate, wayasage kwa vidole. Aliwaonyesha kiwavi mwenyewe, alama kichwani mwake kama panda ya manati iliyogeuzwa chini, madoa manne mkiani kama miguu ya kiti. Penye ule unga unaofanana na wa mbao, wamimine majivu na udongo mkavu katikati ya mche. Palipobaki nafasi wapande maharage. Na wakiona nyigu wadogo, wawaache wafanye kazi yao. Mama mmoja alimkumbusha kwamba mwaka juzi alimkemea mwanawe kwa kuwaachia nyigu mlango wa banda wazi. Mama Pupa alikubali, akasema siku zile walikuwa maadui zake, sasa ni vibarua wake, na dunia ndivyo ilivyo.

Jambo lililowafungua watu macho lilikuwa jingine, nalo hakulitangaza yeye, waliliona wenyewe wakitembea. Mashamba yaliyopakana na ule ukanda wa msitu yalikuwa yameumwa kidogo. Mayai mengi huko yalikuwa meusi, yametobolewa na nyigu. Ndege walikuwa wakiingia na kutoka kwenye mistari ya mahindi. Kadiri ulivyokwenda mbali na miti ndivyo majani yalivyochanika. Kwenye mlima wa ng'ambo ya mto, uliofyekwa wote, hali ilikuwa mbaya kuliko kote.

Huko alikwenda pia. Shimoni alikuwa ameketi kwenye kisiki, ndoo ya majivu miguuni, hajui aanzie wapi.

"Shemeji, hata mimi?" alimuuliza.

"Mahindi yako hayakunisema vibaya," Mama Pupa alimjibu, akaingia kwenye mstari wa kwanza na kuanza kugeuza majani.

Walifanya kazi hadi jua likawaka. Shimoni hakuomba msamaha siku hiyo, na hajaomba hadi leo. Lakini juma lililofuata mke wake alikuja kwa Mama Pupa kuuliza habari za miche ya pembezoni mwa shamba, na siku ya zamu ya kuutembea msitu alikuwepo, amejifunga kitenge kiunoni, anatembea mbele ya wote.

Mavuno ya mwaka ule hayakuwa ya kuimbiwa. Kuna waliopata nusu, kuna waliopata theluthi, na Shimoni alipata magunia ya kuhesabu kwa mkono mmoja. Ila hakuna nyumba iliyolala njaa, na ukanda wa msitu ulipita mwaka ule wote bila mti kuanguka, ukiacha mmoja ulioangushwa na upepo. Zamu zilijaa tena. Watu waliokuwa hawajawahi kufuga kipepeo hata mmoja walitembea kwa sababu ya nyigu.

Ndege zilirudi baada ya karibu miaka miwili. Agizo la kwanza lilikuwa dogo, nusu ya kisanduku, na katika kikundi cha watu ishirini na wawili ni tisa tu waliokuwa na banda lililosimama. Mbegu zote zilitoka kwa Mama Pupa. Aliwagawia viwavi kama mtu anavyogawa moto asubuhi, wachache kila nyumba, pamoja na miche yao. Bintiye aliitwa tena hotelini, akaenda, akakaa miezi minne, akarudi kwa hiari yake. Yeye ndiye anayeshughulika sasa na kupanga safari za visanduku, na mama yake anasema ana mkono mwepesi kuliko wake.

Bwana shamba naye hatimaye alifika, akiwa na vipeperushi vya viwavijeshi ndani ya mfuko wa plastiki. Alizungushwa mashambani siku nzima, akauliza nani aliwafundisha. Walimpeleka nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Tangu hapo hutumiwa watu kutoka vijiji ambavyo Mama Pupa hajawahi kukanyaga.

Juzi alikuja mwanamke mmoja, ametembea tangu alfajiri, ana kiberiti mkononi kilichofungwa uzi. Ndani mlikuwa na mdudu mdogo mwekundu anayekausha maharage yake. Mama Pupa alimkaribisha kiti, akakiweka kile kidudu kiganjani, akakisogeza penye mwanga, akakitazama tumbo, miguu, mdomo. Alikitazama kwa muda mrefu. Mgeni alikuwa ameshaanza kutabasamu, akijua dawa imepatikana.

"Huyu simjui," Mama Pupa alisema, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyeletewa zawadi. "Umemtoa upande wa juu wa jani au wa chini? Hebu niambie yote, tangu siku ya kwanza ulipomwona."